Neema Si Upatu



Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya jambo ambalo karibu kila mmoja wetu amelisikia tangu darasa la kipaimara, lakini ambalo husahauliwa upesi sana shida inapobisha hodi. Nalo ni hili: mwanadamu huhesabiwa haki mbele za Mungu kwa imani, wala si kwa matendo yake.

Kila mama anaufahamu upatu. Wanawake kumi wanakubaliana kutoa kiasi fulani cha fedha kila mwezi, na kila mwezi mmoja wao anapokea fungu lote. Ukitoa, utapokea. Usipotoa, jina lako linafutwa, na huna wa kumlaumu. Ni utaratibu mzuri. Umesomesha watoto wengi na kuezeka nyumba nyingi. Matatizo huanza pale mama anapolichukua daftari lile la upatu na kulipeleka mbele za Mungu.

Dalili zake tunazijua. Mtoto akiugua ghafla, mama analia, "Nimekosa nini mimi? Mbona naimba kwaya? Mbona fungu la kumi natoa?" Mwingine amekosa fedha ya kutia katika bahasha yake yenye namba, basi anakaa nyumbani Jumapili tatu mfululizo kwa aibu, kana kwamba mlango wa kanisa hufunguliwa kwa bahasha. Na sisi tunaohudumia wagonjwa tunawakuta wengine katika saa zao za mwisho. Mama aliyelitumikia kanisa tangu usichana wake, aliyepika katika kila mkutano na kuosha vyombo katika kila msiba, anamshika muuguzi mkono na kuuliza kwa sauti ndogo kama amefanya vya kutosha.

Swali hilo si dogo. Anayeondoka duniani huku akihesabu, huondoka kwa hofu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuambiwa vya kutosha ni vingapi.

Mshahara na zawadi

Mtume Paulo analijibu jambo hili katika Warumi 4:4-5 kwa mfano ambao kila mfanyakazi anauelewa. Mtu aliyefanya kazi, mshahara wake si zawadi. Ni deni ambalo mwajiri hana budi kulilipa. Lakini kwa Mungu si hivyo. Yule asiye na kazi ya kuonyesha, ila anamwamini Mungu ambaye huwapa haki hata waovu, imani yake huhesabiwa kuwa haki.

Katika lugha yetu, tunaposema "nataka haki yangu" tuna maana ya kitu tunachodai. Haki anayoizungumzia Paulo ni ya namna nyingine. Hatuidai, tunapewa. Ni haki ya Kristo mwenyewe inayoandikwa kwa jina letu.

Paulo anamtaja Ibrahimu. Katika Mwanzo 15:6 tunasoma kwamba alimwamini Bwana, naye akamhesabia imani hiyo kuwa haki. Je, Ibrahimu alikuwa ametahiriwa wakati huo? La, hasha. Alitahiriwa akiwa na umri wa miaka 99, habari iliyo katika sura ya 17, na kati ya mambo hayo mawili ilipita miaka isiyopungua 13. Na Torati je? Paulo anawaambia Wagalatia kwamba ilikuja miaka 430 baada ya ahadi (Wagalatia 3:17). Kwa hiyo Ibrahimu alikubaliwa kabla ya alama yoyote mwilini mwake na kabla ya amri kuandikwa. Imani ilitangulia, mengine yalifuata.

Mwanamke wa Yeriko

Huenda mtu akasema, "Ibrahimu alikuwa mtu mkubwa. Sisi tutafananaje naye?" Basi tumtazame mwanamke.

Rahabu alikaa Yeriko, katika nyumba iliyokuwa ukutani mwa mji. Hakuwa wa taifa la Israeli, na kazi yake ilikuwa ya ukahaba. Kama angekuwa na daftari la matendo mema, lingekuwa na kurasa tupu. Lakini Yoshua sura ya 2 inatuonyesha kwamba alikuwa amesikia jinsi Mungu alivyoikausha Bahari ya Shamu mbele ya watu wake, na akasadiki kwamba huyu ndiye Mungu wa mbinguni na wa duniani. Kwa sababu alisadiki, akawaficha wapelelezi wawili darini, chini ya mabua ya kitani. Kisha akawaombea rehema baba yake, mama yake na ndugu zake, akafunga kamba nyekundu dirishani, akangoja.

Sasa tazameni ajabu hii. Mwandishi wa Waebrania anamtaja Rahabu kuwa mfano wa imani (11:31). Yakobo naye anamtaja mwanamke huyohuyo kuwa mfano wa matendo (2:25). Wako wanaodhani Paulo na Yakobo wanagombana, lakini Rahabu anawapatanisha. Hakuwaficha wapelelezi ili Mungu amkubali. Aliwaficha kwa kuwa alikwisha kumwamini. Na Mungu hakumkaribisha kama mgeni wa mlangoni tu. Ukisoma Mathayo 1:5 utamkuta Rahabu katika ukoo wa Bwana wetu Yesu Kristo, mama yake Boazi.

Mtawa aliyechoka, na mke wake

Katika historia ya Kanisa yuko mtu aliyejaribu sana kulijaza daftari lake. Martin Luther aliingia utawa huko Erfurt, Ujerumani, mwaka 1505. Alifunga, alikesha, aliungama dhambi kwa saa nyingi, wala moyo wake haukupata amani. Ilikuwa katika kuyachunguza Maandiko, hasa Waraka kwa Warumi, ndipo alipong'amua kwamba haki ya Mungu inayosemwa katika 1:17 si fimbo ya kutupigia bali ni zawadi ya kupokelewa kwa imani. Tarehe 31 Oktoba 1517 alitoa hoja zake 95 kupinga biashara ya hati za msamaha, na Matengenezo ya Kanisa yakaanza.

Lakini akina mama, ni mara chache tunasimuliwa habari za mke wake. Katharina von Bora alikuwa mtawa aliyetoroka katika nyumba ya watawa mwaka 1523 pamoja na wenzake, akaolewa na Luther mwaka 1525. Je, alipofundishwa kwamba matendo hayaokoi, alikaa kitako? Hata kidogo! Alilima bustani, alifuga mifugo, alisimamia nyumba kubwa huko Wittenberg iliyojaa watoto, wanafunzi na wageni. Alifanya kazi kuliko wengi wetu, ila hakuwa ananunua mbingu.

Katharina alizaa watoto sita. Elisabeth alifariki mwaka 1528 kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Magdalena alifariki mwaka 1542 akiwa na miaka 13. Tunalitaja hili kwa ajili ya mama yeyote aliyezika mtoto, na moyoni anajiuliza kama Mungu amemkataa. Kifo cha mtoto si hati ya deni kutoka mbinguni. Mama anaweza kuwa amehesabiwa haki kabisa mbele za Mungu, na bado akasimama kaburini akilia.

Jambo hili lililoyatenga makanisa kwa karne nyingi sasa halina ugomvi kama wa zamani. Tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Kanisa Katoliki na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani yalitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, kwa kuiamini kazi ya Kristo, wala si kwa sababu ya ustahili wowote ndani yetu. Wamethodisti nao waliliunga mkono mwaka 2006. Basi dada yetu Mkatoliki, Mlutheri au Mmethodisti, ukurasa huu ni wetu sote.

Basi matendo hayana kazi?

Sisi tunaozalisha wanawake tunaona jibu la swali hili kila siku. Mtoto anazaliwa. Hajafagia uwanja, hajateka maji, hajapata hata alama moja darasani. Alichokifanya hadi hapo ni kumtia mama yake uchungu usiku kucha. Lakini anapofutwa na kuwekwa kifuani pa mama yake, mama anasema, "Mwanangu." Tayari ni mwana. Ana jina, ana urithi, ana ndugu.

Miaka ikipita, mtoto huyo atafagia na kuteka maji. Hafagii ili awe mwana. Anafagia kwa sababu ni mwana na hii ndiyo nyumba ya kwao. Na kama amekuwa mkubwa, ana afya, wala hagusi kazi yoyote, mzazi atapata wasiwasi, sawasawa na mkunga anavyopata wasiwasi mtoto mchanga asipolia. Kulia hakumfanyi mtoto azaliwe, lakini huonyesha kwamba yu hai. Hivyo ndivyo Yakobo anavyotufundisha juu ya imani isiyo na matendo. Na Paulo katika Waefeso 2:8-10 anayaweka yote mawili mahali pake: kwanza tunaokolewa kwa neema, kisha tunatembea katika matendo mema ambayo Mungu alikwisha kututengenezea.

Imani isigeuzwe kuwa mchango

Hapa tunaomba msomaji awe makini, maana kuna mtego. Wako wanaoacha kuhesabu matendo, wakaanza kuipima imani kwa mizani. Mtoto asipopona, mama anaambiwa, "Imani yako ni ndogo." Huo ni upatu uleule, ila umebadilishwa jina!

Yule baba wa kijana aliyekuwa akianguka na kutoka povu alikiri mbele ya Yesu kwamba anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe kutoamini kwake (Marko 9:24). Bwana hakumrudisha nyumbani akakuze imani kwanza. Alimponya mwanawe. Na Paulo, mtume mwenye imani, alimwacha mwenzake Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20), wala hasemi popote kwamba Trofimo alipungukiwa imani. Kinachookoa si ukubwa wa imani bali ni yule tunayemwamini. Mkono dhaifu unaweza kupokea chakula sawa na mkono wenye nguvu.

Kwa hiyo tunasihi sana: mama asishawishiwe kuacha dawa ili athibitishe imani. Dawa za kifafa zikikatishwa ghafla, kifafa huweza kurudi kwa nguvu na kuhatarisha maisha. Anayeacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI huvipa virusi nafasi ya kuongezeka tena. Omba, tena omba bila kukoma, na dawa umeze kwa wakati wake. Kumeza kidonge si kumkana Mungu.

Nyumbani mwetu

Watoto wetu hujifunza habari za Mungu kwetu kabla hawajajifunza kwa mchungaji. Tuangalie basi maneno yetu. Tukimwambia mtoto, "Mungu hapendi watoto watukutu," tumemkabidhi daftari la upatu akiwa bado mdogo. Warumi 5:8 inatufundisha kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi. Mtoto akikosa, na aonywe na kuadibiwa, lakini ajue kwamba sahani yake iko mezani na jina lake halijafutwa. Aliyeshika nafasi ya mwisho darasani na aliyeshika ya kwanza wote waitwe "mwanangu" kwa sauti ileile.

Vivyo hivyo katika vikundi vyetu. Binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, mke aliyeachwa, mama asiye na kitenge cha sare: tusiwatazame kama yule Farisayo wa Luka 18 aliyemsimulia Mungu habari za kufunga kwake mara mbili kwa juma na zaka zake. Yesu anasema aliyerudi nyumbani akiwa amehesabiwa haki ni yule mtoza ushuru, aliyesimama mbali na kuomba rehema tu.

Na wewe mama uliyekaa nyumbani Jumapili hizi kwa sababu bahasha ni tupu, twakuomba uje. Njoo mikono mitupu. Jumapili ijayo pita kwa jirani yako aliye na hofu kama yako, mwongozane. Na yeyote miongoni mwetu anayelala kitandani akiuliza kama amefanya vya kutosha, tumjibu kwa upole: Kristo amefanya, na yametosha.

Juma hili someni pamoja nyumbani Yoshua 2, Warumi 4 na Luka 18:9-14. Mungu awabariki, na amani yake ikae katika nyumba zenu. Amina.