FUNGENI NAMBA, MSIMFUNGE MFANYAKAZI



Mwenzetu mmoja, askari wa zamu ya usiku katika kampuni moja ya hapa mjini, alipokea mshahara akaukuta umepungua. Alipouliza, alionyeshwa karatasi ya simu: usiku wa Jumamosi simu ya getini ilipiga nchi za nje mara nyingi. Akaambiwa, "Zamu ilikuwa yako, utalipa." Hakupewa nafasi ya kujieleza. Kisha simu hiyo ikafungwa kabisa, isiweze kupiga nje hata namba moja.

Sisi hatusemi simu za kazi ziachwe wazi. Bili kubwa hula fedha ambazo tungezidai katika mishahara, na mtu azungumzaye na jamaa zake nusu saa kwa simu ya ofisi hatumtetei. Lakini kufunga kuna njia yake. Zamani matajiri walitia kufuli kwenye gurudumu la simu. Wajanja wakabonyeza kile kidude kinachokaliwa na mkono wa simu, mara moja kwa namba moja, mara kumi kwa sufuri, na simu ikaenda. Kufuli lilimzuia mwaminifu peke yake.

Mashine za siku hizi zaweza kufanya vizuri zaidi. Kila simu hupangiwa ngazi yake: hii ipige ndani tu, ile ipige humu nchini, ile nyingine ipige ng'ambo. Kutoka Kenya, simu za ng'ambo huanza na 000; namba hizo zaweza kuzuiwa bila kugusa za nchini. Mwenye kazi ya ng'ambo hupewa namba yake ya siri. Hata saa hupangwa, ofisi ikifungwa jioni njia ya ng'ambo nayo ifungwe. Je, kwa nini simu ya getini iliachwa wazi usiku kucha? Kazi ya kuipanga mashine si ya askari.

Tena wako wezi wa simu. Hukaa mbali, wakaingia katika mashine kwa sababu namba ya siri ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, au ni nyepesi kukisiwa. Hupiga namba za ghali za ng'ambo ambazo wao wenyewe hupata sehemu ya malipo. Hupenda usiku na mwisho wa juma, wakati ofisi ni tupu. Karatasi yaweza kuonyesha simu ya getini ingawa hakuna mkono ulioigusa. Kwa hiyo karatasi peke yake si ushahidi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Kuwa zamu si kosa la makusudi. Na kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu, tajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mjumbe wa chama amtakaye.

Basi twadai haya. Kwanza, wajumbe wetu waelezwe simu ipi imefungwa na kwa nini. Pili, kila mtu awe na namba yake ya siri, asilipe deni la mwingine. Tatu, 999 na 112 zipatikane katika kila simu, usiku na mchana, hata kama mtu kwa hofu amesahau kubonyeza 9 ya kutokea nje. Moto haungoji ruhusa ya meneja. Nne, mshahara usikatwe kabla ya mashine kuchunguzwa na mtu kusikilizwa.

Mwanachama aliyekatwa mshahara kwa sababu ya simu asinyamaze. Alete hati yake ya mshahara kwa mjumbe wake. Mmoja akilia peke yake husikiwa na ukuta; tukisema pamoja tutasikiwa na meneja.

Umoja ni nguvu.