Msaliti wa Nani? Maoni ya Mtahini Kuhusu Mwana wa Liyongo

Kila muhula wa pili, ninaposahihisha mitihani ya majaribio, hukutana na sentensi ile ile katika swali la mighani: "Mwana wa Liyongo ni msaliti kwa sababu alimuua babake." Mwanafunzi akishaiandika huweka nukta, hupiga mstari chini ya neno msaliti, kisha huyoo, hukimbilia hoja ya pili. Nami humpa alama yake moja na kuendelea. Sisemi amekosea. Nasema ameishia mlangoni.

Leo nataka tuingie ndani. Hapa ndipo watahiniwa wazuri hupoteza alama ambazo wangezipata kwa sentensi mbili zaidi. Ipo pia sababu nyingine, nayo nitaieleza.

Tukumbushane kisa kwa ufupi. Fumo Liyongo ni shujaa wa pwani ya kaskazini, upande wa Pate, Shanga na Ozi. Masimulizi yake yalikuwa midomoni mwa watu muda mrefu kabla ya kuandikwa. Edward Steere aliyachapisha kwa nathari mwaka 1870, na Muhammad Kijumwa wa Lamu akayatungia utendi mwaka 1913. Liyongo ni jitu la mtu: nguvu anazo, upinde anaujua, na mashairi pia ni yake. Mfalme wa Pate anamhofia asije akamnyang'anya ufalme. Anatuma watu wale naye makoma kwa zamu, ili zamu yake ya kupanda mkoma ikifika wamfume mishale akiwa juu. Liyongo anayaangusha makoma kwa mishale bila kupanda. Anafungwa gerezani. Mamake anaficha tupa ndani ya mkate wa pumba, mjakazi Saada anaupeleka, walinzi wanakula chakula kizuri na kuuacha ule mkate mbaya umfikie. Usiku wa gungu, ngoma zikiwa zimepamba moto nje, Liyongo anakata minyororo na kutoroka.

Tangu siku hiyo yeye ni baba asiyekaa nyumbani. Anaishi mbali na mji, na mji mzima unamwogopa.

Hapo ndipo mwanawe anapoingizwa. Mfalme anamwita, anamkirimu, anamwahidi cheo na binti yake wa kuoa, mradi akamuulize babake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Kijana anakwenda. Liyongo anatambua kwamba mwanawe ametumwa, anamwonya kuwa watu wale wanamhadaa, kisha anamwambia siri yenyewe: sindano ya shaba, kitovuni. Yaliyofuata mnayajua.

Sasa sababu ya pili. Miaka kadhaa iliyopita nililipa darasa langu la kidato cha nne swali hili: "Mwana wa Liyongo ni msaliti. Thibitisha." Lilikuwa swali la alama kumi, la kawaida kabisa. Msichana mmoja, mwanafunzi wa wastani ambaye hakuwa na tabia ya kubishana, aliandika nusu ukurasa tu. Hakuthibitisha chochote. Aliuliza: "Msaliti wa nani? Alikula kwa nani? Babake alikuwa wapi?" Nilimpa alama tatu na kuandika kwa kalamu nyekundu, "Jibu swali uliloulizwa."

Alinifuata katika chumba cha walimu jioni. Nilidhani anakuja kudai alama.

Nitakieleza kisa chake kwa kubadilisha mambo machache ili asitambulike. Babake alikuwa amemkata mamake kwa panga, akatoroka kabla polisi hawajafika. Mama alipotoka hospitalini alihama na watoto, wakaenda kuishi kwa bibi, katika kaunti nyingine. Wavulana wawili wakubwa wakaapa kwamba jina la baba halitatajwa tena katika nyumba ile. Lakini baba alikuwa na namba ya simu ya binti yake, na likizo ikifika alimpigia. Alilia kwenye simu. Alimwita mama, kama alivyozoea kumwita tangu utotoni kwa kuwa ana jina la nyanyake. Binti akawa anamtumia hela kidogo kwa M-Pesa, hela za sabuni na za nauli. Kakake alipozisoma zile jumbe, alimwita neno lile lile nililokuwa nimeliandika ubaoni.

"Mwalimu," akaniambia, "nyumbani nikimtaja baba mimi ni msaliti. Nikikata simu, baba anasema mimi ni msaliti. Sasa nisimame wapi?"

Nilinyamaza. Miaka kumi na kitu nimekifundisha kisa cha Liyongo, na sikuwahi kuliona neno hilo kwa upande wa mtoto.

Kisha akaongeza jambo ambalo lilinitoa jasho. Katika simu ya mwisho babake alikuwa amemuuliza, kwa sauti ya upole tu, "Siku hizi mnalala wapi?" Hakuwa amemjibu. Lakini hakuwa amekataa pia. Alikuwa amesema atampigia.

Litazame hilo swali, mwanafunzi wangu, ukilinganishe na la kule kwenye mighani. Mwana wa Liyongo anatumwa akamuulize babake siri ya kifo chake. Huyu binti baba mwenyewe ndiye anayemuuliza siri ya uhai wa mamake. Maswali yote mawili yanaulizwa kwa mapenzi, na yote mawili yanapitia kwa mtoto, kwa sababu mtoto ndiye mlango wa pekee uliobaki wazi baina ya pande mbili zisizosemezana. Ndiyo maana mfalme hakumtuma askari. Askari alikuwa nao tele. Alimtuma mtu ambaye Liyongo asingemfungia mlango.

Kwa hiyo maoni yangu, na nayasema nikijua wapo wenzangu wasiokubaliana nami, ni kwamba neno msaliti katika kisa hiki halina maana mpaka useme ni msaliti wa nani na kwa shinikizo la nani. Nyumba ikishapasuka, uaminifu wa mtoto kwa upande mmoja unahesabiwa usaliti upande wa pili. Kijana yule angekataa kwenda, mjini angeitwa nani? Mwana wa mkimbizi, aliyemkana mfalme aliyemkirimu. Alipokubali akawa muuaji wa babake. Sitetei kuua. Kuna wakati mwanafunzi mmoja aliniuliza kama ninasema kijana hana hatia. Hatia anayo; alidanganyika kwa tamaa ya cheo na mke, na hilo lazima uliandike, ni hoja. Ninalosema ni kwamba mtunzi hakumchora kama jiwe. Hakumchoma babake alipowasili tu. Alikaa naye. Woga ulimshika, huku mfalme akisubiri habari. Mtahiniwa anayeuona ule woga na kuuandika ameonyesha mgogoro wa nafsi, na hiyo ni hoja kamili yenye mfano wake.

Hebu tumtazame pia Liyongo mwenyewe. Wanafunzi wengi huandika kwamba alimwambia mwanawe siri kwa sababu alimpenda. Sawa. Lakini mimi, kila ninavyozeeka na kisa hiki, naona pia ukatili ndani ya mapenzi hayo. Liyongo anajua kijana ametumwa. Angeweza kumdanganya: aseme mkuki, aseme sumu, aseme lolote. Badala yake anamkabidhi uhai wake mikononi, kisha analala. Ni mzigo mzito kwa mtoto ambaye tayari ana mzigo wa mfalme kichwani. Baba aliyelia kwenye simu na baba aliyetaja sindano ya shaba wanafanana kwa hili: wote wawili wamempa mtoto kazi ya kuamua wao waishi vipi.

Yupo mhusika mwingine ambaye watahiniwa humsahau kabisa baada ya mkate wa pumba, naye ni mama yake Liyongo. Hakuna aliye mwaminifu kwa Liyongo kumzidi. Alimwokoa kwa tupa. Sasa nenda mwisho wa kisa. Liyongo amechomwa, ameamka na sindano kitovuni, amechukua upinde wake na kwenda kupiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa tayari kwenye uta. Amekufa hivyo, lakini watu hawajui. Hakuna anayethubutu kuteka maji. Mji una kiu. Wanamwendea mama: mbembeleze mwanao. Na mama anakwenda, anamsihi kwa maneno matamu, lakini hamkaribii. Anasimama mbali.

Mimi hilo ndilo tukio ninalolipenda kuliko yote katika mighani hii. Mama aliyemzaa anampenda na anamwogopa, vyote kwa pamoja, na hakuna kimoja kinachokifuta kingine. Ukiulizwa kuhusu uhusiano wa wahusika, tumia tukio hilo. Ukiandika tu "mama alimpenda Liyongo" utakuwa umeiacha nusu ya pili, na hiyo nusu ya pili ndiyo inayomtofautisha mtahiniwa wa B na wa A.

Wengine mtaniuliza kuhusu wana wanaowapinga baba zao waziwazi, kama Madhubuti katika Kidagaa Kimemwozea, anayekataa kunufaika na ufisadi wa Mtemi Nasaba Bora. Linganisha, lakini kwa uangalifu. Madhubuti ni msomi, ana umri, amesoma ng'ambo, na dhuluma za babake anaziona kwa macho. Anao uwanja wa kusimama. Mwana wa Liyongo hakuupata, na yule binti wangu hakuwa nao.

Mtataka kujua niliishia vipi naye. Sikumwambia amkane babake. Moyo wa mtoto haupokei amri ya namna hiyo, na kakake alikuwa ameshajaribu. Nilimwambia mambo mawili. La kwanza, kumpenda babake si kosa na hahitaji kumwomba mtu yeyote radhi kwa hilo. La pili, mahali mamake anapolala si siri yake kuitoa, hata kwa baba, hata akilia. Kisha nikamwambia kwamba jambo hili siwezi kulificha. Tulikwenda kwa mwalimu wa ushauri nasaha, mama akaitwa, na taarifa ikapelekwa kituo cha polisi walikokuwa wakimtafuta yule mzee. Binti alinikasirikia. Muhula mzima wa tatu alinijibu darasani kwa "ndiyo Mwalimu" na "la Mwalimu" pekee. Kwa macho yake na mimi nilikuwa nimeshaingia katika orodha ya wasaliti, na sikumlaumu.

(Ikiwa wewe unayesoma hapa uko katika hali kama yake, mtafute mwalimu unayemwamini, au piga 116. Ni namba ya kusaidia watoto, na haitozi hela.)

Ile karatasi yake niliisoma upya nyumbani. Je, nilimwongezea alama? Hapana. Maswali yake yalikuwa mazito kuliko jibu lolote nililosahihisha mwaka ule, lakini hakuwa ametoa mfano hata mmoja kutoka kwenye kisa, na mtahini hawezi kutuza kilichobaki kichwani mwa mtahiniwa. Nilichobadilisha ni swali. Tangu wakati huo silitoi tena kwa neno "thibitisha", kwa sababu niligundua nilikuwa nimewapa wanafunzi hukumu kabla ya ushahidi.

Ukipewa lile la zamani katika mtihani, usigombane nalo kama alivyofanya yeye. Thibitisha kwanza, kwa hoja na mifano: alipokea ahadi ya mfalme, alimuuliza babake siri kwa hila, alirejea na sindano, alimchoma akiwa usingizini. Ukimaliza hapo, ongeza aya moja inayoonyesha kwamba yeye naye alisalitiwa: mfalme hakumtimizia ahadi, binti hakumwoa, akaugua na kufa. Aya hiyo isizidi sentensi nne. Usimhubirie mtahini.

Na sasa jaribu hili, bila kufungua kitabu, kwa dakika thelathini na tano:

"Katika mighani ya Fumo Liyongo, kila anayempenda shujaa ana sababu ya kumwogopa." Jadili kauli hii ukirejelea mama, mwana na watu wa mji. (Alama 20)