Upepo wa Tairi Haupimwi kwa Teke



Mwezi Julai tulikodi gari kutoka Njombe kwenda maziko Makambako, mwendo wa kilomita 60 hivi. Asubuhi ile ya baridi kali, dereva alilizunguka gari akipiga kila tairi teke, akasema, "Yako sawa, twendeni." Mzee wetu mmoja, aliyewahi kuendesha malori njia ya Songea, akatoa geji yake mfukoni. Tairi moja la nyuma lilisoma 19, ilhali kibandiko cha mlangoni kilitaka 33. Kwa macho lilionekana zima. Tulimsubiri fundi wa pancha afungue, tukachelewa nusu saa, na maziko tukayawahi.

Tairi lenye upepo pungufu hujikunja ubavuni kila linapozunguka. Kujikunja huko huzaa joto, na joto hudhoofisha nyuzi za ndani hata tairi likapasuka katika mwendo. Lililojazwa kupita kiasi nalo hulika katikati na kupunguza mshiko wakati wa kufunga breki.

Sisi wa nyanda za juu tuna sababu zaidi ya kupima. Hewa husinyaa kwa baridi: joto likishuka nyuzi 10, tairi la gari dogo hupungukiwa karibu psi 2. Aliyejaza upepo mchana wa jua asishangae kuukuta pungufu alfajiri.

Basi tupime kabla ya kuondoka, matairi yakiwa baridi, angalau mara moja kwa mwezi na kabla ya kila safari ndefu. Kiwango sahihi aghalabu kimeandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Pengine kipo cha juu zaidi kwa gari lililojaa watu na mizigo. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo, si kipimo cha kila siku. Tukipima njiani matairi yakiwa moto, tusiyatoe upepo, kwani yakipoa yatapungua. Tairi la akiba nalo lisisahauliwe.

Abiria ni amana, na kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumwondolei dereva wajibu wa kuilinda. Kamati imenunua geji, nayo ipo ofisini msikitini. Mwenye safari, baba au mama, aje aiazime.