Mai ya muji: nani anapanga bei, nani anapokea franka?

Ndugu wafanyakazi wa migodi, wamama na vijana wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, mu mikutano yetu ya sendika ulizo moja inarudi kila mara: «Tunalipa mai kwa nani, na kwa bei ya nani?» Ulizo hii ni ya haki. Mu nyumba mingi franka ya mai inatoka mara tatu: fakitire ya mwezi, bido za kununua kwa jirani mwenye foraji, na karatasi ya «usafi» ile inaletwa ku mulango.

Zamani haikukuwa hivi. Mu makambi ya Union Minière, kisha ya Gécamines, nyumba, mai, lopitali na masomo vilitoka mulango moja. Gécamines ikaanguka mu miaka ya 1990. Mu 2003 wafanyakazi karibu 10.000 wakatoka na ile tunaita «départ volontaire», na nyumba za kampani zikauzishwa kwa wafanyakazi. Nyumba ikakuwa yetu, bomba za kuzeeka zikakuwa zetu, na fakitire pia.

Bei haipangwe na komine. REGIDESO ni ya Serikali, na bei ya mai inaitikwa ku ministeri ya Economie, Kinshasa. Kama uko na kompteri ya muzima, unalipa mai ile umetumia. Kama hauna, wanakadiria, na fakitire inaweza kubaki ile ile hata bomba ikikauka wiki nzima. Ndiyo maana sisi tunaomba kompteri kwanza, mbele ya kubishana juu ya bei.

Sheria ya mai ya tarehe 31 Desemba 2015 ilipeleka kazi ya mai ku majimbo, miji, komine, sekteri na sheferi. Lakini bei ilibaki juu, na franka ya fakitire haiingie mu mufuko wa komine. Komine ilipewa muzigo, haikupewa mufuko wa kuubeba.

Kwa mai machafu ni mubaya zaidi. Kartier mingi haina bomba za kuyatosha. Kila mutu anachimba fosi yake, na ikijaa, analipa mwenyewe. Kwa hiyo karatasi ya «usafi» ikikuja, tuulize: ni kazi gani imefanywa? Article 174 ya Katiba inasema kodi inawekwa na sheria tu. Na kartier haiko entité yenye mamlaka yake, sawa vile komine. Mukubwa wa kartier hawezi kuunda taxe. Muulizeni kwa heshima: taxe inatoka mu sheria gani, franka inaingia mu konti gani, karatasi ya malipo iko wapi? Akionyesha, tulipe. Kukatala kila kitu hakutaleta bomba.

Sasa tufike ku mufuko wenyewe. Code minier ya 2018 inagawanya redevansi, ile kampani inalipa juu ya madini inauzisha, hivi: ku kila dola 100, 50 ni ya Serikali ya Kinshasa, 25 ya jimbo, 15 ya entité ya mahali mugodi iko, na 10 ya mufuko wa vizazi vinakuja. Kwa shaba redevansi ni 3,5 %. Ile 15 inatoka mu jasho letu wenyewe. Komine ao sheferi yenye mugodi haiwezi kutuambia tu kama haina hata franka ya bomba. Kwenye hakuna mugodi, tuangalie ile 25 ya jimbo.

Sisi wa sendika tunaomba vitu viwili. Komine na sheferi zibandike bujeti ku mulango wa biro, tuone ni ngapi imewekwa kwa mai na ngapi imetumika. Na kila mwenye kupokea franka ku mulango atoe karatasi yenye muhuri. Ninyi, mama na baba wa nyumba, muchunge fakitire na karatasi zote, hata za zamani, muzilete ku delege wenu. Mbele ya burugumestri, karatasi 200 za kartier moja zinasikiwa kuliko makelele.

Article 48 ya Katiba inasema mai ya kunywa ni haki. Tuulize wale wanashika franka yake.