Matanga Yasiyoondolewa

Huenda msomaji wetu wa Unguja, wa Pemba au wa Ukara akauliza: habari za Singe, mjini Babati, bara kabisa kusikofika mvumo wa bahari, zinamhusu nini? Zinamhusu sana. Singe imo katika Mkoa wa Manyara, na ni katika mkoa huu, asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo yalipoporomoka kutoka Mlima Hanang, yakafukia sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi na Jorodom vikiwemo. Maafa ambayo visiwani huletwa na maji, huku yaliletwa na udongo. Lakini kungoja ni kule kule.

Usiku wa siku ile ya kwanza ilitangazwa kuwa waliokufa ni 47. Baada ya siku chache idadi ikapita 70, na hatimaye ikafika 89. Kwa mtumishi wa Serikali, hizo ni tarakimu zinazosahihishwa kila maiti mwingine anapofukuliwa. Kwa mzazi aliyepotelewa, kila tarakimu mpya ni swali: je, huyu aliyeongezeka ni wangu? Jirani aliyempata mtu wake siku ya kwanza amekwisha kuzika, amepewa mkono wa pole, na matanga yake yana mwanzo na mwisho. Huyu mwingine hawezi kuanza. Wageni humjia siku za awali, kisha hupungua, maana hata mfariji hajui aseme nini mahali ambapo hakuna jeneza.

Hatukusudii kuwalaumu waliochimba. Askari na wananchi walifanya kazi ngumu katika tope zito, na Rais aliagiza Serikali igharimie mazishi na matibabu. Tunalosema ni kwamba kazi ya kutafuta maiti ina upande wa pili, ambao haufanywi kwa mitambo.

Wazanzibari wanaujua upande huo. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikielekea Pemba. Tume ya uchunguzi ilieleza kuwa meli ile ilipakia watu zaidi ya 2,400. Maiti waliopatikana walikuwa 203, na wasioonekana 1,370. Kwa hiyo kwa kila familia iliyozika, kulikuwa na karibu saba zilizosaliwa na bahari tupu. Mwanamke wa Kiislamu aliyefiwa na mumewe hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, lakini huyu ataihesabu kuanzia lini? Si mke, wala si mjane. Dini ina majibu yake, na Makadhi wanayajua. Lakini jibu hilo linahitaji kwanza mtu wa kuthibitisha kwamba marehemu alikuwamo melini. Huku Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 humdhania mtu amekufa baada ya miaka mitano bila habari zake. Miaka mitano ni mirefu kwa watoto wanaosubiri mirathi, hasa pale ambapo nchi nzima inajua siku na saa ya ajali.

Wala tusiwahimize watu wakate tamaa upesi. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati la Ukara, Septemba 20, 2018, walikufa watu 228. Hata hivyo, siku ya pili baada ya ajali fundi mmoja alitolewa humo akiwa hai. Baada ya hapo ni nani mwenye ujasiri wa kumwambia mama arudi nyumbani?

Yako mambo ambayo maofisa wetu wanaweza kuyafanya bila kungoja bajeti kubwa. Penye maafa awekwe ofisa mmoja wa kusema na jamaa, kwa saa zinazojulikana, hata siku ambayo hana jipya. Kimya ndicho kinachozaa uvumi. Majina yasomwe kwa familia kabla ya idadi kusomwa redioni. Na maiti asiyetambuliwa asizikwe kabla ya kuchukuliwa sampuli ya vinasaba na kaburi lake kupewa namba. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inaweza kupima hata baada ya miaka, ilimradi sampuli ipo.

Jambo la mwisho ni la kabla ya ajali, nalo linatuudhi zaidi kwa kuwa ni jepesi. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza Mei 21, 1996. Waliokufa wanakadiriwa kupita 800, na tunasema wanakadiriwa kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Wengi wamelala Igoma, na wapo jamaa waendao pale kila Mei kusimama mbele ya makaburi wasiyojua kama ni ya watu wao. Kalamu na daftari vingaliwapa, angalau, hakika ya nani alipanda. Ofisa wa bandari yoyote ya visiwa vyetu asiruhusu kamba ifunguliwe kabla jina la kila abiria halijaandikwa na nakala kubaki nchi kavu. Na mtoto anayepakatwa naye aandikwe.