Umeme Chomboni: Tutazame Waya Kwanza
Siku hizi familia nyingi za wavuvi zatamani friji ndani ya mashua, na swali la kwanza dukani huwa bei ya inveta. Afadhali lingekuwa unene wa waya. Kifaa cha wati 1000 kwa umeme wa nyumbani wa volti 240 huvuta ampea 4 na ushei. Kwa betri ya volti 12 huvuta zaidi ya 80. Waya mwembamba ukibebeshwa mzigo huo huwaka, na baharini hakuna jirani wa kuja na ndoo. Kwa hivyo waya uwe mnene na mfupi, nayo fyuzi ifungwe papo hapo penye ncha chanya ya betri.

Inveta iwe karibu na betri, ila si ndani ya sanduku moja: betri ya asidi inapochajiwa hutoa haidrojeni, hewa inayolipuka kwa cheche ndogo. Chaja ilingane na aina ya betri. Tena mota ya friji inapoanza huvuta mara kadhaa ya kawaida yake. Friji ya wati 150 haitoshelezwi na inveta ya wati 200, hata fundi akiapa.