Wanane wa 1957 nao wana haki ya stempu

Stempu ya shilingi moja ya Uhuru, 1963, yenye taswira ya jengo la Bunge, yastahili taadhima. Walakini jengo si watu, na sisi tukaao Cheptais, ubavuni mwa Mlima Elgon, twatamani kuziona katika karatasi ile ndogo yenye meno pembeni sura za wale wanane waliochaguliwa na Waafrika Machi 1957 kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na miongoni mwao Masinde Muliro, mwana wa Bungoma, aliyeshinda kiti cha Nyanza ya Kaskazini. Baraza hilo lilikuwapo tangu 1907, wala Mwafrika hakuketi humo hadi alipoteuliwa Eliud Mathu mwaka 1944. Na hiyo 1957 kura hazikuwa sawa: kwa kadiri ya elimu, mali na utumishi, huyu alipewa kura moja, yule mbili, mwingine tatu, na mkulima asiye na sifa hizo, ijapokuwa ni mtu mzima mwenye akili timamu, hakupata hata moja. Dhulma hiyo nayo itajwe. Naiomba Posta ya Kenya, kwa ikhlasi, itoe stempu nane, kila mjumbe na yake.